"Madam, hakuna kitu"

Bwana Mwenyekiti, wakutubi wenzangu, walimu mliofunga safari kutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay, nanyi wanafunzi wa uzamili mliojaa safu za nyuma, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha hapa Kisumu. Nimeombwa nizungumzie utafutaji katika hifadhidata za maktaba, yaani mikusanyo ya makala ya utafiti inayofunguliwa kwa intaneti, na nimeambiwa kwamba baada ya chakula kila mmoja wenu ataketi mbele ya tarakilishi ajaribu mwenyewe. Basi nitawaandaa kwa kazi hiyo ya saa nane.

Nimekaa kwenye dawati la maktaba ya chuo miaka 19. Katika miaka hiyo, maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yote ni haya: "Madam, hakuna kitu." Mwanafunzi anafika, macho mekundu kwa kukesha, pendekezo lake la utafiti limerudishwa na msimamizi, ameambiwa aongeze marejeleo. Ametafuta. Hakuna kitu. Wengine huyasema kwa unyonge. Wengine huyasema kwa furaha, maana wamefundishwa kwamba utafiti huanzia kwenye pengo, nao wanaamini pengo wameliona, tena pana kama Bonde la Ufa. Mimi huwauliza maswali mawili. Umetafuta wapi? Umetafuta kwa neno gani?

Lile la pili ndilo lililonileta hapa.

Alinijia msichana mmoja aliyelelewa kando ya ziwa. Mama yake huanika omena na kuwauza. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, omena huozea pale pale walipoanikwa, na karo ya watoto huoza pamoja nao. Alitaka kuandika tasnifu kuhusu hasara hiyo, na niliona machoni pake kwamba hakuwa akitafuta shahada pekee. Aliandika neno omena kwenye kisanduku cha kutafutia, akapata makala machache, mengine yakizungumzia chakula cha kuku. "Madam, hakuna kitu."

Sikumlaumu. Alikuwa ametafuta kwa jina alilopewa na mama yake, na jina hilo ni halali. Lakini samaki huyo anaishi katika ziwa lenye nchi tatu. Ukivuka kwenda Tanzania anaitwa dagaa. Ukivuka kwenda Uganda anaitwa mukene. Wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, na wale wa zamani walimwita Engraulicypris argenteus. Samaki ni mmoja, majina ni matano, na hifadhidata haijui kwamba ni mmoja. Inalinganisha herufi ulizoandika na herufi ilizohifadhi. Aliyeandika mukene kule Jinja hakuwa na sababu ya kuandika omena.

Tuliketi, tukaandika majina hayo yote kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi. Kisha tukakumbuka kwamba hata mahali pana majina. Ghuba hii mnayoiona mkisimama Dunga, ramani nyingi huiita Winam. Wengine huandika Nyanza Gulf. Makala ya enzi za ukoloni yanaiita Kavirondo Gulf, na mji huu wenyewe, reli ilipoufikia mwaka 1901, uliitwa Port Florence. Anayetafuta Winam peke yake amefunga mlango kwa kila aliyeandika kabla ya jina hilo kushika.

Aliporudi kwenye tarakilishi na karatasi yake, makala yalianza kuja. Ya Uganda kuhusu kuanika mukene juu ya vichanja. Ya upande wa Mwanza kuhusu dagaa wanaopotea baada ya kuvuliwa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wakiandika miaka yote hii." Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Watu wa ziwa moja walikuwa wamehangaika na tatizo moja, na kilichowatenganisha ni jina.

Kazi ya kwanza ya utafutaji, basi, hufanyika kwa kalamu. Andika mada yako, kisha chini ya kila neno andika kila jina ambalo watu wengine wamelipa kitu hicho: la Kiingereza, la kienyeji, la kisayansi, la zamani. Samaki wetu ngege aliitwa Tilapia esculenta na Michael Graham mwaka 1928, baada ya uchunguzi wake wa ziwa. Leo ni Oreochromis esculentus. Gugumaji limejaa katika makala kwa jina la Eichhornia crassipes, na sasa wataalamu wa mimea wanaliandika Pontederia crassipes. Jina likibadilika, makala ya zamani hayarudi nyuma kujirekebisha. Yanabaki yalivyochapishwa, yakimsubiri anayejua walivyoitana watu wa wakati ule.

Sasa naomba tufanye jambo kidogo. Anayezungumza Kidholuo asimame. Asanteni, ni wengi. Msiketi. Anayezungumza Kiluhya naye asimame. Tazameni, karibu ukumbi mzima umesimama. Hiyo ndiyo kazi ya OR: Kidholuo ama Kiluhya, yeyote kati yao. Idadi inaongezeka. Sasa ketini nyote, wabaki wale tu wanaozungumza Kidholuo na Kiluhya, zote mbili. Mmebaki wachache sana, na nawapongeza. Hiyo ndiyo AND.

Nimewasimamisha kwa sababu neno letu "na" hutudanganya hapa. Ukimwambia mama wa hoteli akupe chai na mandazi, unapata vitu viwili, mezani kunaongezeka. Kwa hiyo mwanafunzi huandika AND katikati ya majina yote ya samaki wake akidhani anaongeza. Hifadhidata inamsikia vingine: inatafuta makala yenye omena na dagaa na mukene kwa pamoja, yote matatu ndani ya makala yale yale. Anapata mawili, au sifuri. "Madam, hakuna kitu."

Majina ya kitu kimoja yaunganishwe kwa OR. Vitu viwili tofauti viunganishwe kwa AND. Kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, hifadhidata nyingi hukupa mistari kadhaa, na mstari mmoja ni wa wazo moja. Mstari wa kwanza: omena OR dagaa OR mukene OR Rastrineobola. Mstari wa pili: "Lake Victoria" OR "Winam Gulf" OR "Nyanza Gulf" OR "Kavirondo Gulf". Mstari wa tatu: drying OR "post-harvest" OR spoilage. Kati ya mstari na mstari kuna AND. Zile alama za kunukuu zinashikilia maneno pamoja. Bila hizo unaweza kuletewa Lake ya mbali kabisa, na Victoria ambaye ni jina la mwandishi. Mstari wa pili msiudharau, kwa sababu dagaa ni jina la wengi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika si hawa wetu, na dagaa wa baharini ni wengine tena. Jina linaweza kuwatenga ndugu, na linaweza pia kuwachanganya wasiojuana.

Kuna amri ya tatu, NOT, na ninaiogopa. Mwanafunzi asiyetaka mambo ya Tanzania huandika NOT Tanzania. Lakini makala bora kabisa kwake huenda ni yale yanayolinganisha Kenya na Tanzania, nayo yameondolewa bila yeye kujua. Unapoacha kitu nje, hifadhidata haikuambii umeacha nini.

Wavuvi waliopo watanielewa nikisema utafutaji ni jicho la wavu. Wavu wa omena jicho lake ni milimita 10. Wavu wa sangara, jicho ni inchi 5. Ukiingia na wavu wa sangara kutafuta omena, utarudi na maji. Ukiingia na wavu wa omena kutafuta sangara, utabeba kila kitu, wachanga na takataka, na hutajua pa kuanzia. Makala 40,000 ni sawa na kutopata chochote, maana hakuna atakayeyasoma. Kwa hiyo anza kwa jicho dogo, tazama unachovua, kisha panua jicho polepole: punguza miaka, chagua kutafuta neno katika kichwa cha makala na ikisiri tu, yaani muhtasari wake, ongeza mstari wa wazo lingine. Mvuvi habadilishi wavu kwa kukisia akiwa nchi kavu. Anautupa majini kwanza.

Niseme neno kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu nyinyi mna shida ambayo vitabu vya mafunzo haviitaji. Kwenye mafunzo mtaambiwa mtumie kinyota. Ukiandika fish na kinyota mwishoni mwake, fish*, utaletewa fishes, fishing, fishery, fishermen. Ni hila nzuri, na imetengenezwa kwa lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Mwalimu, walimu. Utenzi, tenzi. Kinyota kingehitaji kukaa kabla ya mzizi, na hifadhidata nyingi hazikikubali hapo. Hivyo andikeni kila umbo kwa OR, tena na tahajia zake: utenzi, tenzi, utendi, tendi. Kisha ongezeni Swahili poetry, maana mengi yaliyoandikwa kuhusu ushairi wetu yameandikwa kwa Kiingereza. Na msiandike Kiswahili pekee. Andikeni Kiswahili OR Swahili. Ni kazi zaidi kuliko anayofanya mwenzenu wa Leeds au Chicago, na naisema wazi ili mtu asije akadhani kosa ni lake.

Kwa watu wa afya, mambo ni nafuu kidogo. PubMed, hifadhidata ya makala ya afya, ni ya bure, imefunguliwa kwa kila mtu tangu 1997, nayo ina orodha ya majina rasmi ya mada. Kila makala yanayoingizwa kwenye mkusanyo wake mkuu hupewa majina hayo, vyovyote mwandishi alivyoandika. Zamani wasomaji waliobobea ndio waliogawa majina hayo makala baada ya makala. Tangu mwaka 2022 hufanywa na programu, watu wakikagua baadhi. Saratani, ambayo mwandishi mmoja ameiita cancer na mwingine tumour, humo imewekwa chini ya Neoplasms. Ukijua jina rasmi, unawapata wote kwa pamoja. Ukiwa na makala moja mazuri, fungua sehemu ya chini uone yamepewa majina gani ya mada, uyachukue, urudi nayo kutafuta upya.

Hilo lisiwapite. Makala moja mazuri ni mlango. Yasome marejeleo yake ya mwisho, utaona yalitoka wapi. Kisha nenda Google Scholar, ubonyeze pale panapoonyesha walioyanukuu, utaona yamefika wapi. Chukua utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanywa hapa kwetu, Asembo na Gem, miaka ya 1990. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto. Ukianzia hapo ukawafuata walioyanukuu, unatembea kutoka vijiji vya Siaya hadi kwenye mijadala ya nchi nyingi kuhusu kuokoa watoto wachanga. Wauguzi wa huko huenda walilala chini ya vyandarua hivyo wakiwa watoto. Nataka wajue kwamba habari yao imo humo, na kwamba wanaweza kuisoma.

Sasa suala la pesa, maana najua linawauma. Unabonyeza makala, mchapishaji anakudai dola 30 na zaidi, karibu shilingi 4,000, kwa kurasa kumi. Usilipe. Mara nyingi maktaba yako imeshalipa. Tangu 2003 maktaba za Kenya zina umoja wao, KLISC, unaochangisha pesa na kununua haki ya kusoma kwa pamoja, kwa bei ambayo chuo kimoja hakingeiweza. Lakini hifadhidata hizo hukutambua kwa mtandao wa chuo. Ukiwa ndani ya chuo, mlango uko wazi. Ukirudi nyumbani Nyalenda ukatumia bando la simu, hifadhidata inakuona mgeni na kukudai pesa. Wanafunzi wengi huishia hapo wakiamini wamefungiwa. Mwone mkutubi akusajili kwa njia ya kuingia ukiwa mbali. Kila chuo kina yake, na kazi hiyo haichukui muda.

Asiye na chuo, kama mwalimu wa sekondari au muuguzi wa zahanati, asikate tamaa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha HINARI, mpango wa kuzifungulia taasisi majarida ya afya. Mwaka uliofuata ikaja AGORA ya kilimo, kisha OARE ya mazingira mwaka 2006, na sasa zote zimo chini ya Research4Life. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Hospitali inaweza, ofisi ya serikali inaweza, shirika lisilo la faida linaweza. Muulize msimamizi wako kama imeshafanyika. JSTOR, hifadhidata ya majarida iliyoanza 1995 kwa sababu rafu za maktaba Marekani zilikuwa zimefurika majarida ya zamani, humruhusu mtu yeyote aliyejisajili kusoma makala 100 kwa mwezi bila malipo. DOAJ, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden mwaka 2003, huorodhesha majarida ambayo hayamtozi msomaji hata senti. Pakua ukiwa kwenye mtandao wa bure, usome ukiwa nyumbani. Na anza na ikisiri kabla ya kupakua. Aya moja itakuambia kama yanakufaa.

Nimefika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Hifadhidata kubwa za kulipiwa zilijengwa mbali, na waliozijenga walichagua majarida waliyoyajua. Majarida ya Afrika humo ni machache mno. Kwa hiyo msomi akitafuta humo na kuandika kwamba "tafiti kuhusu suala hili hazipo", mara nyingi amesema tu kwamba hazipo katika chumba kile. Kuna AJOL, iliyoanza 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika na sasa ina mamia yake. Kuna hazina za kidijitali za vyuo vyetu, ambamo tasnifu zimewekwa. Maseno wanayo. Egerton kule Njoro, Masinde Muliro kule Kakamega, Moi kule Eldoret, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, wote wana tasnifu za watu waliotembea kwa miguu wakihoji akina mama sokoni na wazee barazani, kata kwa kata. Nimewahi kumwonyesha mwanafunzi tasnifu iliyoandikwa kuhusu kata yake mwenyewe. Mhojiwa mmoja, kwa maelezo yalivyoandikwa, alionekana kuwa jirani ya babu yake. Mwanafunzi huyo alikuwa tayari ameandika kwenye pendekezo lake kwamba hakuna aliyewahi kufika huko.

Tukisema "hakuna" kwa wepesi, tunawafuta watu wetu. Aliyeteseka kukusanya takwimu Budalang'i wakati wa mafuriko hastahili kuambiwa na mtoto wa nyumbani kwamba hakuandika kitu.

Na kuna kosa la upande wa pili, jipya, linaloongezeka kila muhula. Mwanafunzi huiuliza programu ya kuzungumza na tarakilishi, naye hupewa marejeleo mazuri mno: jina la mwandishi, mwaka, jarida, hata kurasa. Analeta nimtafutie makala kamili. Natafuta, nagundua jarida lipo, mwandishi yupo, makala hayajawahi kuandikwa. Yule wa kwanza alisema hakuna, kumbe yapo. Huyu anasema yapo, kumbe hakuna. Dawa ni moja kwa wote wawili: uyaone makala kwa macho yako. Makala mengi ya siku hizi yana DOI, namba inayoanza na 10. Iweke kwenye doi.org, na kama makala ni ya kweli utapelekwa hadi mlangoni kwake. Yasiyofunguka popote usiyanukuu, hata kama yanakubaliana na kila ulichoandika.

Jambo dogo la mwisho kabla hatujaenda mezani: wekeni daftari. Tarehe, hifadhidata, maneno mliyotumia yalivyoandikwa, idadi ya matokeo. Msimamizi akikuuliza umejuaje kwamba hakuna utafiti wa aina yako, utamfungulia daftari, na hapo neno "hakuna" litakuwa na uzito kwa sababu limetafutiwa.

Saa nane tukutane kwenye chumba cha tarakilishi, kila mmoja na karatasi yake ya majina. Tutaanza na mwalimu wa kutoka Vihiga aliyenisimamisha wakati wa chai, akaniambia anataka kuandika kuhusu mrenda na lishe ya watoto, na kwamba hajapata kitu. Tulianza kuandika nyuma ya ratiba. Mrenda. Murere. Wajaluo waliokuwa wamesimama nasi wakasema apoth. Kwa Kiingereza ni jute mallow, kwa wanasayansi ni Corchorus olitorius. Kisha nikamwongezea mawili: kule Nigeria wanauita ewedu, na kule Misri molokhia, nao huula na wameuandikia mengi. Karatasi hiyo anayo mkobani. Mwalimu, kaa kwenye tarakilishi ya kwanza.